Jinsi ya kuchagua wasimamizi wa kundi la mtandaoni, tangu kuwatafuta hadi kuwakabidhi funguo

Mwanzilishi wa kundi anaamka asubuhi anakuta meseji 600. Tatu ni matusi, mbili ni linki za utapeli, na moja ni ya mwanachama anayeuliza kwa nini hakuna anayesimamia mambo humu. Wengi hapo huchukua simu, humgusa rafiki wa karibu na kumfanya admini: "Nisaidie kidogo." Matatizo mengi ya makundi huanzia kwenye msaada huo. Kumpa mtu usimamizi ni bonyezo moja. Kumvua bila kundi kupasuka vipande viwili kunaweza kukumalizia wiki nzima.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: tabia ya msimamizi huonekana kabla hajawa msimamizi, na huonekana zaidi siku aliyokosolewa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma yale ambayo watu wameshaandika. Mahojiano yana nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza pima kazi yenyewe

Usitafute mtu kabla hujajua unamtafutia kazi gani. Kwa siku saba weka daftari, na kila mara unapolazimika kuingilia jambo andika vitu vinne: saa, aina ya tatizo, ulichofanya, na dakika zilizokwenda. Tuseme wiki imeisha una matukio 42, kila moja limekula kama dakika 5. Hizo ni dakika 210, yaani saa tatu na nusu kwa wiki. Ongeza muda wa kusoma: mtu anayepitia meseji 20 kwa dakika atahitaji nusu saa kila siku kumaliza hizo 600. Sasa una hesabu mkononi badala ya hisia ya kuelemewa.

Daftari hilohilo litakuonyesha saa. Ukikuta vurugu nyingi hutokea kati ya saa nne usiku na saa saba usiku, msimamizi mpya ambaye hulala saa tatu hatakufaa, hata awe mwema namna gani. Litakuonyesha pia aina ya kazi. Kundi linaloshambuliwa na matapeli linahitaji watu wepesi wa kugundua akaunti bandia. Kundi linalochoka kwa ubishi linahitaji watu wa kutuliza. Mara chache mtu mmoja huwa na vipawa vyote viwili.

Kwa anayejitolea, usipange zaidi ya dakika 30 kwa siku. Ukivuka hapo atafanya vizuri mwezi wa kwanza, kisha ataanza kuruka siku, kisha ataanza kuwajibu watu kwa ukali. Na anzia na wasimamizi watatu, wewe ukiwa mmoja wao. Wawili wakipingana hakuna wa kuamua, na mmoja akisafiri aliyebaki anakuwa mfalme. Kuwa na wengi mno nako kuna hasara yake: kila mmoja hudhani mwenzake ameliona jambo, na kosa moja hupata adhabu tatu tofauti kutegemea nani alikuwa macho. Ongeza mmoja au wawili kwa wakati mmoja, usiingize watano kwa mkupuo.

Kama sheria za kundi hazijaandikwa, simama hapo uziandike kwanza. Ukurasa mmoja unatosha. Kila sheria iambatane na ngazi za hatua: onyo la faragha, kunyamazishwa saa 24, kunyamazishwa siku 7, kutolewa. Bila hivyo utakayemchagua atasimamia ladha yake, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Soma meseji zao kabla ya kuwauliza

Andika majina manane hadi kumi ya watu ambao wamekuwapo angalau miezi mitatu. Mtu anayeandika meseji 20 kwa wiki kwa nusu mwaka anakupa picha ya kuaminika zaidi kuliko aliyeandika 200 kwa wiki mbili, kwa sababu huyo wa pili hujamwona akiwa amechoka, wala akiwa amekasirika.

Kisha soma meseji 100 za mwisho za kila mmoja. Telegram na Discord zinakuruhusu kuchuja ujumbe wa mtu mmoja ndani ya kundi. Penye programu isiyo na uwezo huo itakubidi upande juu kwa kidole, au uanze mapema kuwekea alama mazungumzo yenye moto. Kazi hii huchukua kama dakika 40 kwa mtu mmoja, na hakuna dakika 40 zenye faida kuliko hizo katika mchakato wote.

Unasoma ukitafuta nini? Anza na mahali aliposahihishwa. Kila aliyekaa kundini muda mrefu amewahi kukosea mbele ya watu, basi tafuta siku hiyo. Yuko anayesema "kweli, nilichanganya" na kuendelea. Yuko anayebadilisha mada. Na yuko anayerudi siku tatu baadaye kumkosoa yuleyule aliyemsahihisha, safari hii kwa jambo lisilo na maana. Huyo wa tatu ukimpa kitufe cha kumtoa mtu, atakitumia kulipiza.

Angalia pia jinsi anavyojibu swali lililoulizwa mara hamsini. Angalia utani wake unamwangukia nani: akijitania yeye au wakubwa wenzake, sawa. Ukiwaangukia wageni kila mara, mwache. Angalia kama ni lazima neno la mwisho liwe lake. Kuna watu wenye hoja nzuri sana ambao hawajawahi kuacha ubishi ujifie wenyewe, na kwenye usimamizi hilo ni balaa, maana nusu ya kazi ni kujua lini unyamaze.

Halafu angalia anavyotoa taarifa. Anayekuandikia pembeni, "kuna linki pale ya saa mbili, inaonekana ya wizi," tayari anafanya kazi ya msimamizi bila cheo. Anayepayuka kundini "Admini uko wapi, mtoe huyu mjinga!" anaweza kuwa na haki kuhusu linki, lakini ameongeza moto wa pili juu ya ule wa kwanza.

Watu wanaoonekana kufaa na mara nyingi hawafai

Msemaji mkuu. Yupo kila saa, kila mtu anamjua, na kila mtu anadhani ndiye chaguo la wazi. Tatizo ni kwamba karibu kila mgogoro unamhusu, kwa kuwa karibu kila mazungumzo yanamhusu. Atakuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Mara nyingi kundi hufaidika naye zaidi akibaki mwanachama.

Fundi asiyewavumilia wasiojua. Ujuzi wa mada na ujuzi wa kusimamia watu ni vitu viwili, na kundi la wataalamu husahau hilo upesi kuliko kundi lolote.

Anayeomba cheo. Kuomba si kosa, na kumkataa mtu kwa sababu tu aliomba ni uonevu. Muulize atafanya nini akipewa, kisha sikiliza vitenzi vyake. "Nitawatoa, nitasafisha, nitawanyoosha" ni lugha ya mtu mwenye orodha ya maadui mfukoni. "Nitajibu, nitaelekeza, nitapunguza" ni lugha nyingine kabisa.

Mwenye kitu cha kuuza. Hata akiwa mwaminifu, siku atakapofuta tangazo la mshindani wake hakuna atakayeamini kwamba alifuata sheria.

Mkusanya vyeo, ambaye tayari ni admini wa makundi tisa. Muda hana, na kwenye makundi hayo tisa huenda hafanyi chochote.

Na yupo mmoja ambaye watu hawamwogopi na wangepaswa kumwogopa: mpole asiyeweza kumkatalia mtu. Kila mtu anampenda. Anatoa onyo la kwanza, la pili, la sita. Waliotukanwa wanaondoka kimyakimya kwa kuwa hakuna kinachofanyika, na anayetukana anabaki. Kabla ya kumchagua mtu wa namna hii tafuta ushahidi kwamba amewahi, walau mara moja, kumwambia rafiki yake "hapana" mbele ya wengine.

Fikiria timu nzima

Watatu wanaofanana watakosea mahali pamoja. Kwa hiyo ukishabaki na majina manne au matano, yapange kwa kutazama pengo lililopo: saa za kuwa macho, lugha zinazotumika kundini (anayesoma lugha moja tu hataona matusi ya lugha nyingine), wanawake na wanaume, wakongwe na waliojiunga karibuni. Hili la wanawake halihusu kupendezesha orodha. Mwanachama anayesumbuliwa kwa meseji chafu za faragha mara nyingi hatamweleza mwanamume asiyemjua, na malalamiko ambayo hayafiki kwenye timu hayashughulikiwi. Kundi likiwa na kambi mbili zinazosigana, chukua mtu mmoja anayeheshimiwa na kila kambi, hata kama si nyota wa kambi yake.

Jinsi ya kumwuliza

Muulize faragha, mmoja mmoja, na umweleze uzito wa kazi kabla ya heshima yake. Usitangaze kwanza ndipo umwombe, maana aliyetangazwa hukubali kwa haya. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za leo, ndugu. Tunatafuta wasimamizi wawili na jina lako limo kwenye mapendekezo. Kazi ni kama nusu saa kwa siku, zaidi jioni, kwa miezi sita. Hailipi, na wakati mwingine utatukanwa. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio kwa pande zote mbili. Ukiona haikufai, sema tu, hakuna ubaya wowote. Naomba jibu ndani ya siku tano."

Mpe hizo siku tano. Anayejibu "niko tayari" ndani ya sekunde kumi hajafikiria. Anayeuliza "je, nikiwa safarini?" au "nani huamua tukipishana?" ameanza kuifikiria kazi.

Jaribio la maandishi

Mtumie visa vitano, aandike majibu nyumbani kwa dakika 30 hadi 45. Usiulize "utafanyaje mtu akivunja sheria?" kwa sababu kila mtu analijua jibu la mtihani. Mpe tukio lenye kona, na umtake aandike neno kwa neno ujumbe atakaoutuma. Hiki ni kimoja, cha kundi la wapiga picha:

Mwanachama wa siku mbili ameandika: "Samahani, picha zangu za usiku zinatoka na ukungu. Nifanye nini?" Mkongwe, ambaye ndiye anayejibu maswali mengi kuliko wote kundini, amejibu: "Swali hili limejibiwa mara mia. Kama kutafuta tu kunakushinda, uza hiyo kamera." Watu wanne wameweka alama ya kicheko. Mgeni hajasema kitu. Utafanya nini ndani ya dakika 10 zijazo?

Jibu la aina ya kwanza: "Nitafuta meseji ya mkongwe na kumpa onyo hadharani liwe fundisho." Lina haraka na lina haki ndani yake, lakini mkongwe ameaibishwa mbele ya watu anaowafundisha. Dakika tano baadaye kundi zima litakuwa linabishana kama ilikuwa sawa kufuta, na mgeni bado hajui afanye nini na picha zake.

Jibu la aina ya pili: "Nitawakumbusha wote tuheshimiane." Hili halimuudhi mtu na halimsaidii mtu. Aliyekosa hajui kama ndiye anayesemwa, na aliyekosewa anaweza kudhani naye yumo.

Jibu la aina ya tatu huanza na aliyeumia. Kundini: "Karibu sana. Ukungu wa picha za usiku mara nyingi husababishwa na kamera kutikisika. Iweke juu ya kitu kisichocheza, tumia taimari ya sekunde 2, kisha utuwekee picha tuone." Pembeni, kwa mkongwe: "Kaka, jibu lako kwa yule mgeni limezidi. Najua swali limejirudia na linachosha. Nimeshamjibu. Naomba ulifute mwenyewe. Likibaki baada ya saa moja nitalifuta mimi." Mgeni amepata msaada, mkongwe ana nafasi ya kurekebisha bila kuaibika, na sheria imebaki na meno. Ukipata jibu linalokaribia hilo, umepata mtu.

Visa vingine vinne vinavyochuja vizuri ni hivi:

- Rafiki yako mkubwa amevunja sheria ambayo wiki iliyopita mwingine aliadhibiwa kwayo.
- Akaunti ya mwanachama wa miaka miwili imetuma linki za utapeli tano saa nane usiku. (Huenda akaunti imeibwa. Jibu zuri linafuta linki, linaizuia akaunti kwa muda, na linamtafuta mwenyewe kwa njia nyingine. Anayemtukana na kumfukuza moja kwa moja hajafikiri.)
- Msimamizi mwenzako amefuta ujumbe ambao wewe huoni kosa lake. (Sikiliza kama atamuuliza pembeni au ataurudisha palepale na kuanzisha vita mbele ya watu.)
- Mwanachama ameandika kwamba hana sababu ya kuendelea kuishi. (Msimamizi si daktari. Jibu linalotakiwa si kufuta ujumbe wake na kumpuuza, bali: amwandikie faragha bila kuhubiri, amuunganishe na huduma ya dharura ya mahali alipo, na awajulishe wenzake mara moja asibebe mzigo huo peke yake.)

Kwa kila kisa toa alama 0 hadi 3 kwenye mambo manne: je, aliyeumia amesaidiwa, je, sheria iliyoandikwa imetumika, je, maneno yenyewe yanatuliza, na je, anajua lini awaulize wengine. Jumla ni 60. Chini ya 40 mwache kwa sasa. Aliyepata 55 lakini ana 0 kwenye maneno ya kisa chochote, msomeni tena wawili, kwa sababu hasira iliyojitokeza kwenye karatasi, akiwa ametulia nyumbani, itakuwa kubwa zaidi usiku wa manane.

Nani aamue

Makundi mengi hufikiria kura. Kura humpa aliyechaguliwa uhalali, jambo ambalo uteuzi wa mwenye kundi hauwezi kulitoa, lakini hupima umaarufu zaidi ya kitu kingine. Wikipedia ya Kiingereza imekaa katikati kwa miaka mingi: anayeomba uadmini hujadiliwa hadharani kwa siku 7, watu hutoa sababu pamoja na kura, na mwishoni uamuzi hauwi wa kuhesabu vidole tu, wanaoungwa mkono kwa kati ya asilimia 65 na 75 ya kura hutazamwa kwa uzito wa hoja. Wikipedia ya Kiswahili huwaita watu hawa wakabidhi, jina linalobeba wazo la dhamana. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia, nayo ilikwenda njia tofauti kabisa. Wasomaji wa kawaida walipewa alama 5 za kupandisha au kushusha maoni, alama zilizokwisha muda baada ya siku 3, na aliyeshiriki mjadala hakuruhusiwa kuupima mjadala huohuo. Kanuni hiyo ya mwisho inafaa kuibwa na kila kundi: uliyebishana, usiamue.

Kwa kundi la watu mia chache, njia inayofanya kazi ni mchanganyiko. Timu inasoma, inapima, inapendekeza majina. Kisha wanachama wanapewa siku 7 za kuleta pingamizi kwa faragha, kila pingamizi likiwa na tukio mahususi. "Simpendi" haihesabiki. "Alinitumia meseji chafu tarehe fulani, picha ya skrini hii hapa" inahesabika sana, na ndiyo sababu hasa ya kuziweka siku hizo saba.

Kukabidhi funguo

Hapa programu zinatofautiana, na tofauti hizo zinabadilisha kiwango cha hatari.

Kwenye WhatsApp, uadmini hauna nusu. Ukimfanya mtu admini anaweza kutoa watu, kuongeza maadmini wengine, na kuwavua maadmini wenzake. Asiyeweza kuondolewa ni aliyelianzisha kundi. Kundi linaweza kufika watu 1,024, na admini mmoja mwenye hasira anaweza kulifanyia uharibifu mkubwa kabla hujaamka. Baki na maadmini wachache, na anayejaribiwa afanye kazi kwa kutoa mapendekezo hadi uwe na uhakika naye. Mwambie pia kwamba akifuta ujumbe wa mwingine jina lake huonekana. Wapya wengi hawalijui hilo, na hushtuka wanapoandamwa.

Telegram hukuruhusu kuchagua haki moja moja. Washa kufuta meseji na kuzuia watu. Zima kuongeza maadmini wapya, kubadilisha taarifa za kundi, na kujificha jina. Kumbukumbu ya matendo ya maadmini hukaa saa 48 tu, kwa hiyo jambo lenye utata likitokea linakiliwe siku hiyohiyo. Discord hutumia vyeo vilivyopangwa kwa ngazi. Cheo cha msimamizi wa majaribio kiwe chini ya vyeo vya wasimamizi wote waliothibitishwa, nacho kipewe kunyamazisha bila kufukuza. Kumbukumbu ya matendo kwenye Discord hukaa siku 45. Kwenye makundi ya Facebook, mpe cheo cha msimamizi (moderator), si cha admini: msimamizi hawezi kumwondoa admini wala kuteua mwingine.

Kabla ya funguo zozote, mwombe awashe uthibitishaji wa hatua mbili (akaunti kudai ufunguo wa pili kabla ya kufunguka kwenye simu nyingine) kwenye akaunti yake na akuonyeshe kwamba umewashwa. Hakuna mjadala hapa. Akaunti ya msimamizi ikiibwa, mwizi amerithi kundi, na linki yake ya utapeli itabandikwa juu kabisa ikiwa na baraka za uongozi.

Siku 30 za majaribio

Tangaza kundini kwamba ni majaribio na taja tarehe ya mwisho. Ikifika na hamkuendelea, hakuna aliyefukuzwa. Muda umeisha tu. Tangazo hilo dogo huokoa urafiki mwingi.

Siku ya 1 hadi ya 7 hagusi kitufe. Kila anapoona jambo anaandika kwenye chumba cha timu, yaani kundi dogo la wasimamizi pekee: "Hapa ningefanya hivi, kwa sheria ya tatu." Wenzake wanajibu. Siku ya 8 hadi ya 21 anafuta na kunyamazisha hadi saa 24, na ndani ya dakika 10 anaandika mstari mmoja kwenye daftari la timu: nani, alifanya nini, sheria ipi, hatua gani. Kwenye WhatsApp, ambako haki hazigawanyiki, mwenye kundi hutekeleza kile alichopendekeza. Siku ya 22 hadi ya 30 anafanya yote isipokuwa kumtoa mtu peke yake. Kumtoa mwanachama kuhitaji saini za wawili ni utaratibu wa kubaki nao milele, isipokuwa kwa matapeli wa wazi.

Kila mwisho wa wiki chukua maamuzi yake 10 bila kuchagua mabaya tu. Mpe msimamizi mwingine yale matukio, ufiche alichoamua mwenzake, umuulize angefanyaje. Wakikubaliana kwenye 8, mambo ni mazuri. Wakikubaliana kwenye 5, usimkimbilie mtu. Soma upya sheria yenyewe. Sheria inayosema "usilete usumbufu" itaamuliwa kwa njia tano na watu watano wenye akili timamu.

Dalili za mapema na namna ya kuachana

Dalili ya kwanza ni daftari kuwa tupu huku meseji zikifutwa. Ya pili ni adhabu kuwaangukia watu walewale watatu. Ya tatu, kutumia cheo kwenye ubishi wa kawaida: "kumbuka unaongea na admini." Nyingine husikika zaidi ya kuonekana, pale wanachama wanapoanza kukuandikia wewe pembeni mambo ambayo zamani wangeyasema kundini. Na kufuta ukosoaji unaomhusu yeye mwenyewe si dalili tena, hilo ni tatizo lenyewe.

Kwa makosa ya kawaida ongea naye faragha, ukiwa na matukio mawili au matatu mkononi, na mpe wiki mbili. Mara nyingi utagundua amechoka, kwa hiyo mpe likizo ya mwezi badala ya hotuba. Ndiyo maana ujumbe wa mwanzo ulisema miezi sita: muda ukiisha anaweza kuondoka akiwa amepigiwa makofi, na anayetaka kuendelea anaomba upya. Wikipedia ya Kiingereza huwaondolea haki maadmini waliokaa mwaka mzima bila kufanya chochote. Kwa kundi dogo, siku 60 za ukimya zinatosha, ukishamuuliza kwanza kama yu mzima.

Kwa jambo la dharura, kama kuvujisha mazungumzo ya timu, kutoa watu kwa visasi, au akaunti kuibwa, mpangilio unabadilika. Vua haki kwanza. Kisha nakili kumbukumbu kabla hazijafutika, warudishe waliotolewa, badilisha linki ya mwaliko wa kundi, mtoe kwenye chumba cha timu, ndipo uongee naye. Tangazo kwa wanachama liwe sentensi mbili bila sababu za kina: fulani si msimamizi tena kuanzia leo, na waliotolewa jana usiku wamerudishwa. Ukieleza zaidi umefungua kesi mbele ya watu 600, nusu yao wakiwa marafiki zake.

Akaunti yako wewe mwenye kundi nayo ni mlango. Chagua mmoja kati ya wasimamizi waliothibitishwa atakayelipokea kundi ukipoteza simu au ukishindwa kuendelea, na mkubaliane mapema. Kwenye Telegram umiliki hauwezi kuhamishwa mpaka uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa kwa angalau siku 7, kwa hiyo uwashe leo.